Kumpata Fundi wa Kuongeza Nguvu ya Gari Mwambao wa Rumonge: Mambo ya Kujua Kabla ya Kutoa Funguo

Barabara ya taifa namba 3, yaani RN3, inatoka Bujumbura, inapita Kabezi, Gitaza, Magara na Minago hadi Rumonge, kisha inaendelea Nyanza-Lac na Mabanda mpaka mpakani Mugina. Ng'ambo ya Mugina ni Manyovu, mkoa wa Kigoma, Tanzania. Katika barabara hii hupita mawese ya Rumonge, ndagala na mikeke ya ziwani, saruji, vitenge na abiria wenye haraka. Mwenye gari jepesi linalokwenda haraka hujaza abiria mapema, na ndiyo maana wasafirishaji wengi hufikia hatua ya kuuliza: ni nani anaweza kuniongezea nguvu ya injini bila kuniharibia gari?

Makala hii inajibu swali hilo. Inamhusu mwenye gari la kasi la kutembelea, na pia msafirishaji ambaye gari lake ndilo linaloleta chakula nyumbani. Kwa wote wawili jibu ni moja: fundi wa kweli hujulikana kwa anavyopima kabla ya kugusa. Anayeanza kufungua kabla ya kupima, hata akiwa na jina kubwa, mpite.

Ni magari gani yanayohusika

Gari la mbio lililotengenezwa kwa ajili ya mashindano ni nadra kuliona mwambao huu. Yale yanayofikishwa kwa mafundi ni magari yaliyotumika Japani kwanza: Subaru Impreza na Forester zenye turbo, Toyota Altezza, Toyota Mark X, na zaidi ya zote Toyota Probox, ambayo si gari la mbio hata kidogo lakini hukimbizwa kama gari la mbio. Probox ilianza kutengenezwa mwaka 2002. Nyingi zina injini ya 1NZ-FE yenye cc 1,496.

Kazi ya kupangilia upya injini ili itoe nguvu zaidi, vijana wa gereji huiita tyuningi. Ndani yake mna mambo mengi: kubadilisha programu ya kompyuta ya gari, kuongeza msukumo wa turbo, kubadilisha bomba la moshi, kichujio cha hewa, springi, shokapu, breki na tairi. Fundi mmoja kuyajua yote hayo ni jambo la nadra. Mara nyingi utahitaji watu wawili: fundi wa injini na fundi wa umeme na kompyuta. Anayesema anafanya yote peke yake aonyeshe magari aliyoyafanya.

Anza na afya ya injini

Injini iliyochoka haiongezwi nguvu, hutengenezwa kwanza. Fundi anayejua kazi ataanza kwa kupima mgandamizo wa kila silinda. Asiangalie namba kubwa tu, aangalie tofauti kati ya silinda moja na nyingine. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya bar 1 hivi, kuna ringi iliyochakaa, vali isiyofunga au gasketi inayovuja. Kuongeza nguvu juu ya hali hiyo ni kuharakisha kifo cha injini.

Baada ya hapo atasoma kompyuta ya gari kwa mashine, ataangalia plagi moja moja, pampu ya mafuta, nozeli, rejeta na feni. Kwa gari lenye turbo atashika mhimili wa turbo kuona kama unacheza na kama unavujisha oili. Vipimo hivi vinachukua muda wa asubuhi moja na gharama yake ni ndogo. Ndugu mfanyabiashara, ukiona fundi anavidharau, ujue gharama yake itakuja baadaye kwa jina la injini mpya.

Hewa, joto na mafuta ya hapa

Gari lililopangiliwa sehemu moja halifanyi kazi ileile kila mahali. Rumonge ipo kando ya Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yako karibu mita 775 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda kutoka Rumonge kwenda Bururi unafika zaidi ya mita 1,800. Kwa makadirio ya mafundi, injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Maana yake Rumonge yenyewe inakula karibu asilimia 8, na milima ya Bururi karibu asilimia 18. Dereva anayelalamika kuwa gari lake lina nguvu ziwani na limekufa mlimani huenda halina ugonjwa wowote.

Kwenye turbo mambo hugeuka. Tuseme gari limefungiwa Nairobi kidhibiti cha turbo cha kukaza kwa mkono, likapangiwa msukumo wa bar 1. Nairobi iko juu, hewa ya nje ina shinikizo la bar 0.82 hivi, kwa hiyo jumla inayoingia kwenye injini ni karibu bar 1.82. Gari hilohilo likishuka mpaka Rumonge, hewa ya nje ni karibu bar 0.92, na jumla inakuwa bar 1.92. Hewa imeongezeka, joto la mwambao limeongezeka, na hakuna aliyebadilisha chochote. Hapo ndipo injini huanza kugonga kwa ndani. Hivyo basi, kazi iliyofanyika mbali ipimwe tena hapa kabla ya gari kukimbizwa.

Jambo la tatu ni mafuta. Petroli ya kawaida ya Japani ina oktani kuanzia 89, na ile ya daraja la juu kuanzia 96; magari ya turbo kama Impreza WRX yaliyouzwa ndani ya Japani yalipangiwa hiyo ya juu. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya zilikubaliana kutumia mafuta yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, lakini salfa ni jambo moja na oktani ni jingine. Aidha, uhaba wa mafuta ulioikumba Burundi mara kwa mara tangu 2021, na kwa ukali zaidi 2024, umewazoesha watu kununua esansi ya bidoni na ya chupa ambayo hakuna ajuaye imechanganywa na nini. Petroli yenye oktani ndogo huwaka kabla ya wakati wake. Kwenye injini ya turbo iliyokazwa, hali hiyo huvunja kingo za pistoni, na wakati mwingine huvunja kabla dereva hajasikia mlio wowote.

Fundi anayejua kazi atakuuliza: unanunua mafuta wapi? Ukimjibu kuwa unanunua popote yanapopatikana, naye akakuambia basi tutapanga injini kwa mafuta mabaya zaidi utakayoyapata, huyo msikilize. Utapata nguvu pungufu kuliko za kwenye tangazo, lakini utafika Bujumbura.

Wapi pa kumtafuta

Rumonge na Nyanza-Lac kuna mafundi wazuri wa matengenezo ya kila siku: breki, shokapu, klachi, kushusha injini na kuirudisha. Kwa kazi hizo huna haja ya kwenda mbali.

Kwa kazi ya injini ya kasi na kompyuta, watu wa mwambao huanzia Buyenzi, Bujumbura. Mtaa huu wa Waswahili unajulikana kwa gereji na spea, na faida yake kubwa ni kwamba mafundi wako karibu karibu: ukikosa wa umeme kwa huyu, utaelekezwa kwa jirani. Hasara yake ni wapambe wa barabarani ambao si mafundi. Usimpe gari mtu aliyekukimbilia dirishani. Ingia ndani, tazama kazi inayoendelea, zungumza na mwenye gereji mwenyewe.

Kwa spea za magari ya kasi, soko ni pana zaidi: Gerezani Dar es Salaam, Kisekka Kampala, Grogan na barabara ya Kirinyaga Nairobi. Kwa ufundi wa mashindano, Nairobi na Kampala zina historia ndefu. Mashindano ya Safari yalianza 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na yalirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha. Subaru ilishinda Safari mwaka 1997 kwa Colin McRae na mwaka 2000 kwa Richard Burns. Uganda ina Pearl of Africa Rally, na Rwanda ina Mountain Gorilla Rally. Kuzunguka mashindano haya wamekua mafundi waliozoea vumbi, mawe, joto na mafuta yetu, jambo ambalo huwezi kulisoma kwenye kitabu cha Ulaya.

Kumbuka tu kwamba Kigali si ya kuiendea kama zamani. Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda mwezi Januari 2024. Kabla ya kupanga safari ya fundi ng'ambo yoyote ile, uliza hali ya mpaka wiki hiyohiyo.

Njia bora ya kumpata mtu ni kumuuliza mwenye gari kama lako, ambaye gari lake lina mwaka mzima tangu litoke kwa fundi. Kazi ya wiki iliyopita haijathibitisha kitu. Injini iliyokazwa vibaya huweza kukimbia vizuri kwa mwezi mmoja au miwili.

Maswali ya kumuuliza

Msalimie, keti, kisha muulize kwa adabu. Fundi mwenye kujiamini hachukii maswali.

1. "Fundi, kabla hujagusa chochote, utapima nini?" Jibu linalotakiwa ni mgandamizo, kompyuta, mafuta na upozaji.

2. "Utajuaje kama mchanganyiko wa hewa na mafuta uko sawa?" Petroli huungua sawasawa kwa sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya mafuta kwa uzito. Gari likivuta kwa nguvu zote huhitaji mafuta zaidi, kama 12.5 kwa 1, na la turbo huhitaji zaidi ya hapo. Fundi wa kweli ana kifaa cha kupima jambo hili kwenye bomba la moshi. Anayesema anasikiliza kwa sikio peke yake anabahatisha kwa mali yako.

3. "Programu ya zamani ya kompyuta utaihifadhi wapi?" Lazima ahifadhi nakala yake na akupe moja. Bila hiyo, kazi ikiharibika hutaweza kurudi ulikotoka.

4. "Ukimaliza injini, breki utazifanyaje?" Akishangaa swali hili, ondoka.

5. "Taa za mbele utazitazama?" Hili ni swali la mtego mzuri. Japani wanaendesha kushoto, na taa za magari yao hutupa mwanga upande wa kushoto. Burundi tunaendesha kulia, kwa hiyo taa hizo humpiga machoni anayekuja mbele yako. Fundi anayelijua hili anafikiria barabara nzima, hafikirii injini tu.

Dalili za kukimbia

Kuna ahadi ambazo hazitekelezeki. Anayekuambia ataongeza nguvu ya Probox mara mbili kwa kubadilisha programu peke yake anakudanganya. Injini isiyo na turbo hubadilika kidogo sana kwa njia hiyo. Turbo hubadilika zaidi, lakini kila nguvu inayoongezwa hutoka kwenye uhai wa klachi, giaboksi na pistoni.

Mwogope pia anayetaka kuondoa kichujio cha hewa ili injini "ipumue", au kushusha bomba la kuvutia hewa karibu na ardhi. Vumbi la barabara za ndani litasugua silinda. Na kwenye RN3 kuna hatari nyingine kubwa. Maji ya ziwa yaliyopanda miaka ya 2018 hadi 2024, pamoja na mito inayoshuka milimani, yamefunika barabara mara nyingi. Maporomoko ya Gitaza ya Machi 2015 nayo watu hawajayasahau. Bomba lililowekwa chini likivuta maji mara moja tu, injini imekwisha. Maji hayagandamiziki kama hewa, na fimbo za pistoni hupinda papo hapo.

Mwisho, mwogope anayeondoa kikatalisti kwenye bomba la moshi na kukaa nacho. Ndani yake mna madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, yenye soko lake. Kila spea iliyotolewa kwenye gari lako ni mali yako na irudi kwako, hata ikiwa imekufa.

Fedha yako itangulie wapi

Ikiwa una fedha kidogo, zitumie kwa mpangilio huu: kwanza breki na tairi, pili shokapu na springi, tatu upozaji wa injini, nne injini yenyewe. Wengi hufanya kinyume, na sababu ya kutokufanya kinyume ni hesabu rahisi. Ukitoka mwendo wa kilomita 60 kwa saa kwenda 90, mwendo umeongezeka mara 1.5, lakini nguvu ambayo breki zinatakiwa kuizima imeongezeka mara 2.25. Breki hazikujua kuwa umebadilisha injini.

Hesabu ya pili ni ya mzigo. Probox ya mizigo ilipangiwa Japani kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili, na kilo 250 ikiwa na watu watano. Bidoni ya lita 20 ya mawese pamoja na chombo chake ina kilo 19 hivi. Bidoni 21 tu zimefikisha kilo 400. Msafirishaji anayepakia abiria watano na bidoni 20 juu yao ameshapita kipimo kwa kilo 130, na akiongeza nguvu ya injini anachokiongeza ni uzito wa ajali. Kuongeza majani ya springi hunyanyua sehemu ya nyuma tu. Hakuongezi breki, wala hakuongezi ekseli.

Kuna na usukani. Magari mengi ya Japani yana usukani wa kulia, na Burundi tunaendesha upande wa kulia. Dereva anayetaka kulipita lori kati ya Minago na Rumonge haoni mbele mpaka nusu ya gari iwe imeshaingia njia ya wenzake. Gari lenye nguvu humshawishi kupita mahali ambapo gari dhaifu lingemlazimisha kusubiri. Fundi hawezi kulitibu hilo. Ni wewe mwenye gari unayemchagua dereva.

Makubaliano yawe ya maandishi

Hata kama fundi ni shemeji yako, andikeni. Karatasi moja inatosha, yenye mambo haya:

- Kazi itakayofanywa, moja baada ya nyingine, na isiyotakiwa kufanywa.
- Namba ya chasi na namba ya injini wakati gari linaingia.
- Kilomita zinazosomeka na kiasi cha mafuta kwenye tangi.
- Nani ananunua spea, na risiti ziwe kwa jina la nani.
- Bei ya ufundi, na ni kwa faranga au kwa dola. Spea nyingi hununuliwa kwa dola, na bei ya dola ikibadilika katikati ya kazi ndipo urafiki huvunjika.
- Malipo kwa awamu: sehemu mwanzoni, sehemu spea zikishaonekana kwa macho, na sehemu ya mwisho baada ya majaribio ya barabarani.
- Muda ambao fundi atairudia kazi bure ikiwa kosa ni lake.

Piga picha za injini kabla ya kuondoka. Picha humaliza mabishano mengi.

Majaribio kabla ya malipo ya mwisho

Mashine ya kupima nguvu ya injini gari likiwa limesimama ni ya gharama kubwa, na huwezi kutegemea kuikuta kwenye gereji ya kando ya barabara. Kinachobaki ni majaribio ya barabarani, fundi akiwa kiti cha pembeni na mashine ya kusoma kompyuta mkononi.

Jaribu gari tambarare ya ziwani wakati wa joto la mchana, si asubuhi. Kisha lipandishe mlimani, kama barabara ya Bururi, likiwa na mzigo wako wa kawaida. Tazama mshale wa joto. Sikiliza mlio kama wa kokoto ndani ya kopo wakati wa kuvuta gia ya juu. Huo ndio mgongano wa ndani ya silinda, na ukiusikia, punguza mwendo na urudi kwa fundi. Mkirudi, pimeni oili, angalieni mvujo, someni kompyuta tena. Baada ya kilomita 500 hivi, toeni plagi mzitazame. Plagi nyeupe kama chokaa inasema injini inaungua kwa joto kali.

Usilijaribu gari kwa kushindana na mwenzako. RN3 inapita katikati ya vijiji, na pembeni yake kuna watoto, baiskeli za mawese na mbuzi.

Karatasi na mpaka

Hapa ndipo wasafirishaji wengi huumia, kwa sababu fundi akimaliza kazi yake, afisa wa mpaka ndiyo kwanza anaanza.

Ukibadilisha injini nzima, namba ya injini haitalingana tena na kadi ya gari. Mugina, Manyovu au popote pengine, namba zisizolingana humfanya afisa ashuku wizi, na gari linaweza kuzuiliwa mpaka lithibitishwe. Weka risiti ya injini mpya, karatasi zake za forodha, na uombe kadi irekebishwe kabla hujavuka. Vivyo hivyo kwa rangi. Gari lililoingia gereji jeupe likatoka jeusi lirekebishiwe karatasi. Namba ya chasi isiguswe kwa sababu yoyote, hata kwa kuchomelea karibu nayo.

Kuhusu spea, Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na kuanza kutumia Umoja wa Forodha Julai 2009. Wengine hudhani kwamba kitu chochote kilichonunuliwa Kigoma hakilipiwi ushuru. Si hivyo. Cheti rahisi cha uasili, kinachowasaidia wafanyabiashara wadogo wenye bidhaa zisizozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Turbo ya Japani iliyonunuliwa dukani Kigoma inabaki kuwa ya Japani. Itangaze, weka risiti, lipa kinachotakiwa. Ukipeleka turbo au kompyuta yako nje kutengenezwa, itangaze unapotoka na namba yake iandikwe, ili ukirudi nayo isihesabiwe kuwa imeagizwa upya.

Bima nayo isisahaulike. Kadi ya Njano ya COMESA inafanya kazi Burundi, na Tanzania inaitambua ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Kadi hiyo inalinda watu wengine utakaowaumiza ng'ambo. Soma mkataba wa bima yako na umjulishe wakala kuwa injini imebadilishwa. Bima iliyofichwa mabadiliko huleta ubishi siku ya ajali, na siku hiyo huna nafasi ya kubishana.

Na ukishavuka Mugina, kumbuka kuwa Tanzania wanaendesha kushoto. Kutoka Manyovu hadi Mwandiga karibu na Kigoma ni kilomita 60 za lami, na gari lenye nguvu mpya mikononi mwa dereva aliyezoea upande mwingine linahitaji utulivu mkubwa katika kilomita za mwanzo.

Kwa ufupi

Pima kwanza. Mtafute fundi kupitia gari lililodumu mwaka mzima. Breki zitangulie injini. Panga injini kwa mafuta unayoyapata kweli, si kwa yale ungependa kuyapata. Andika makubaliano, rudishiwa spea zako, linganisha namba na karatasi kabla ya mpaka.

Ukifuata haya yote huenda ukagundua mwishoni kwamba gari lako halikuhitaji nguvu zaidi. Lilihitaji plagi mpya, nozeli safi, kichujio cha hewa na bidoni tano pungufu. Fundi atakayekuambia hivyo, akakutoza pesa ya kupima tu na kukurudishia funguo, mwandike jina lake mahali usipoweza kulipoteza. Huyo ndiye uliyekuwa ukimtafuta.

Safari njema.